Taa Yako na Giza la Wenzako

Usiku, kwa anayetazama kutoka Kamanga, Mwanza haijifichi. Ng'ambo ya ghuba taa zinapanda miamba kutoka ufukweni hadi vilimani: za Capri Point zipo chini karibu na maji, za Hospitali ya Bugando zipo juu kilimani, na katikati yametapakaa madoa ya nyumba zilizoshikilia mawe kama kupe. Kisha ziwa linazirudia zote, mji mmoja ukaonekana miwili. Anayesubiri kivuko huona uzuri. Rubani wa vita angeona anwani. Kwa sababu ya huyo wa pili, miji mingi ya karne ya 20 iliwahi kupewa amri ambazo kizazi cha leo kinazisikia kama hadithi: zimeni taa, zibeni madirisha kwa mapazia mazito, pakeni rangi taa za magari, chimbeni mahandaki, na king'ora kikilia kila mtu aingie shimoni. Ni amri za askari na za serikali, lakini ndani yake limelala swali la dini na falsafa. Taa iliyo ndani ya nyumba yangu, niliyoinunulia mafuta kwa jasho langu, ni yangu? Na nikitakiwa kuizima kwa ajili ya watu nisiowajua hata kwa sura, wananidai kwa haki ipi?

Mwanza haikulipata swali hili vitabuni. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka na kulikalia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, na ndege zake zikadondosha mabomu Bukoba. Kwa nchi kavu Mwanza ilikuwa mbali na mapigano. Kwa anga ilikuwa jirani, tena jirani mwenye vitu vya kutamaniwa na adui: uwanja wa ndege za kijeshi, bandari, reli na maghala ya mafuta. Simulizi za wazee wa Kanda ya Ziwa kuhusu miezi ile hazikosi mambo mawili, mahandaki na giza. Mwishoni mwa Machi 1979, kiongozi wa Libya Muammar Gaddafi akiwa upande wa Amin, ndege moja ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilikuja kulilipua ghala la mafuta la Mwanza. Ikakosa. Mabomu yakaangukia Kisiwa cha Saanane, bustani ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964 na kubeba jina la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekimiliki kisiwa hicho zamani. Mfanyakazi mmoja akajeruhiwa kidogo, na swala kadhaa wakafa. Mji ukabaki mzima. Mtu anaweza kulisimulia tukio hilo kwa kicheko, na wengi husimulia hivyo, lakini mwenye kufikiri atakuta kwamba karibu hoja zote za kuitetea na kuipinga amri ya giza zimejikusanya pale kisiwani.

Nashikilia kwamba wajibu wa kuzima taa ni wajibu wa kweli mbele ya Mungu na mbele ya watu, si utii tu kwa mwenye bunduki. Chimbuko lake si woga, wala si uhakika kwamba giza litaokoa. Chimbuko lake ni deni, na deni hilo huzaliwa pale wenzako wanapozima za kwao. Kwa kuwa ni deni, lina kiasi chake na mipaka yake, na mipaka hiyo inamfunga mwenye kutoa amri kama inavyomfunga mwenye kuipokea.

Wa kwanza kupinga ni mcha Mungu. Atasema kwamba uhai na mauti vimo mkononi mwa Muumba, kwamba aliyeandikiwa kufa atafia hata handakini, na kwamba zaburi inafundisha kuwa Bwana asipoulinda mji, mlinzi anakesha bure. Kwa nini basi muumini ajifunike gizani kama mtu asiye na wa kumtegemea? Hoja hii haifai kupuuzwa, maana hutoka kwenye moyo uliokataa kuishi kwa hofu. Hata hivyo vitabu vyenyewe haviiungi mkono. Nehemia na wenzake walipokuwa wakiujenga upya ukuta wa Yerusalemu huku wakitishiwa na maadui, walimwomba Mungu na papo hapo wakaweka walinzi usiku na mchana. Hawakuona kwamba jambo moja linalifuta la pili. Mtume Muhammad alipoulizwa kama mtu amwache ngamia bila kumfunga na kumtegemea Mungu, alielekeza kwamba kwanza amfunge, kisha ategemee. Naye Yesu aliposhawishiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu, kwa hoja kwamba malaika wangemdaka, alikataa, akaliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Katika mapokeo yote haya mawili, tahadhari haihesabiwi kuwa upungufu wa imani.

Tena kuna kosa jingine katika hoja ya mcha Mungu, nalo ni zito kuliko la kusoma maandiko nusunusu. Anayeacha taa ikiwaka kwa kuwa anamwamini Mungu anadhani anahatarisha kilicho chake. Lau ingekuwa hivyo, tungeweza kumwacha na imani yake, hata kumstahi. Lakini bomu halishuki kwa kipimo cha dirisha moja. Likivutwa na taa ya mtaa wa Igogo linaweza kumwangukia mtoto wa mtaa mwingine wa Mwanza, Mabatini, ambaye hakuulizwa kama naye ana imani ya kiasi hicho. Kutegemea Mungu kwa nafsi yako ni ibada. Kumtegemea Mungu kwa roho ya jirani yako, bila ridhaa ya jirani, ni kutoa sadaka mali isiyo yako. Mungu wa dini zote zilizopo kando ya ziwa hili hapokei sadaka ya wizi.

Muumini mwingine atashika upande wa alama. Dini zimeitukuza nuru: taa haiwashwi ikafunikwa kwa pishi, na mji uliojengwa juu ya mlima hauwezi kufichika. Mwanza ni mji juu ya mawe hasa. Je, Injili haikatazi kuufunika? Jibu limo katika kuuliza nuru ile ni ya nini. Mafundisho yale yanaongelea matendo mema yanayoonekana na kuwafaa wengine, na taa haikuinuliwa kinarani kwa ajili ya utambi wake bali kwa ajili ya waliomo nyumbani. Usiku ambao kuonekana kwa taa kunawafaa walio ndani, kuiinua ni wema. Usiku ambao kuonekana kwake kunawaua, wema uleule unaamuru pishi. Aliyeifunika kwa sababu hiyo amelitii fundisho la taa kuliko yule aliyeiacha ikiwaka ili aonekane shujaa.

Mpaka hapa tumeonyesha tu kwamba tahadhari haikatazwi. Bado hatujaonyesha kwamba inadaiwa, na kwa nini idaiwe hasa kwangu. Wengi wangeanzia kwenye mfano maarufu wa Mtume kuhusu watu waliopanda chombo kimoja, wakapiga kura, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini waliona usumbufu kuwapitia wenzao kila wakitaka maji, wakafikiria kutoboa tundu kwenye sehemu yao. Wenzao wakiwaachia, wote wanaangamia. Wakiwashika mikono, wote wanaokoka. Mtu aliyezoea kuvuka kati ya Mwanza na Kamanga hahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Umiliki wa sehemu hauwi umiliki wa tundu, kwa kuwa maji yanayoingia hayaijui sehemu ya mtu. Vivyo hivyo nyumba ni yako kwa hati, kwa kodi na kwa ufunguo, lakini kutoka juu angani hakuna hati. Rubani haoni Mkatoliki, Mwislamu wala Msabato, haoni mwenye nyumba wala mpangaji. Anaona mji. Vita vya anga huwafanya watu kuwa kitu kimoja machoni pa adui kabla wao wenyewe hawajakubaliana kuwa kitu kimoja, na amri ya giza si kingine ila kuukubali umoja ambao adui ameshauona.

Lakini mfano wa chombo unaacha pengo ambalo mkaidi mwerevu atapenya. Atasema: tundu moja linazamisha chombo, sikatai, ila kibatari changu hakiangamizi mji. Ni kidole cha moto kwenye kopo la bati. Mji una maelfu ya nyumba, mimi ni mmoja, na rubani anayeruka juu sana hataniona. Pingamizi hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu katika mambo mengi ya pamoja lina chembe ya ukweli. Watu elfu wakichangia kisima na mmoja akakwepa, kisima kitachimbwa. Huyo mmoja ni mwovu, lakini wema wa wengi umelifunika pengo lake. Tunamlaumu kwa udoezi, hatumlaumu kwa kiu ya mtu.

Giza halifuati kanuni ya kisima, na wavuvi wa dagaa wa ziwa hili wanajua sababu yake kuliko wanafalsafa. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani kwa karabai na siku hizi kwa taa za sola, na huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika au hurudi na kidogo. Karabai haikupungua nguvu, ila nuru imetapakaa juu ya maji yote, na dagaa hawana sababu ya kuifuata taa moja kuliko nyingine. Nguvu ya taa kuita haimo ndani ya taa peke yake, imo pia katika giza linaloizunguka. Sasa kirudishe kibatari kile Igogo. Usiku wa kawaida kimezama katika taa za mji, hakuna macho angani yatakayokitambua. Usiku wa amri, nyumba zote zikiwa zimezima, kibatari kilekile, kwa utambi uleule na mafuta yaleyale, ndicho pekee kinachowaka katika eneo zima. Kimepata nguvu ya kuita ambayo jana hakikuwa nayo. Nani kakipa? Hukukipa wewe. Kimepewa na kila jirani aliyekaa gizani.

Hilo ndilo deni ninalolisema. Utii wa wengi haulifuniki kosa la mmoja, unalikuza. Kadiri wenzako walivyo waaminifu, ndivyo kibatari chako kinavyokuwa hatari. Na aliye mwaminifu kuliko wote, yule aliyezima mapema na kuziba hadi nyufa za mlango, ndiye aliyeuongezea nguvu moto wako dhidi yake mwenyewe. Mkaidi anayesema taa yake ni ndogo hana budi kujibiwa kwamba hesabu yake ni ya mji unaowaka, naye anaishi katika mji uliozimwa. Anaitumia sadaka ya wenzake kama mafuta. Methali ya haba na haba hujaza kibaba haimfikii huyu, kwa kuwa yeye hachangii haba katika kibaba cha watu. Kibaba kimeshajazwa na wengine, naye anakipindua.

Atauliza tena: na kama hakuna aliyezima? Hapo nakubali kwamba deni ni dogo sana, maana hakuna giza la wenzangu ninaloliharibu. Lakini kukubali hivyo kunatufunulia imani inapokaa katika jambo hili. Lazima awepo wa kwanza kuzima, asiye na hakika kama mtaa utamfuata, anayejitia gizani huku akiona madirisha ya wengine yanang'aa. Huyo hadaiwi na mtu; anakopesha. Mcha Mungu wa mwanzo aliitafuta imani katika kuiacha taa ikiwaka. Ingemfaa zaidi kuitafuta kwenye kuwa wa kwanza kuifunika.

Tuje kwa mwenye kupima matokeo. Yeye haongozwi na ukaidi wala ucha Mungu, anataka kujua kama giza linafanya kazi. Hoja zake ni nzito. Mwanza yaweza kuzima taa zote lakini haiwezi kulizima ziwa. Usiku wa mbalamwezi maji yanang'aa, miamba inasimama myeusi ukingoni, na ramani ya ghuba inajichora yenyewe. Coventry, nchini Uingereza, ilikuwa gizani kwa amri tangu Septemba 1939, ila usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 mwezi ulikuwa umejaa, na ndege za Ujerumani zikaongozwa na mawimbi ya redio hadi juu ya mji huo na kuuteketeza katikati yake. Halafu kuna Saanane: bomu lililokosa ghala lilikosa kwa makosa ya waliolirusha. Atasema mji uliokoka kwa bahati, si kwa nidhamu.

Namjibu kwa kutenganisha mambo mawili. Kukosa kwa ndege ile hakuthibitishi kwamba tahadhari zilifaa, na mwandishi atakayelitumia tukio hilo kusifia amri ya giza atakuwa anadanganya. Lakini hakuthibitishi pia kwamba zilikuwa bure. Aliyefunga mlango akalala, mwizi akapitia nyumba ya pili, hakufunga bure. Wajibu hupimwa kwa kile mtu alichokuwa na haki ya kukitarajia alipotenda, si kwa kilichotokea asubuhi. Mwaka 1979 hakuna aliyejua ni ndege ngapi zitakuja, saa ngapi, zikiwa na marubani hodari au wabovu. Walichojua ni kwamba Bukoba imepigwa, na kwamba taa humrahisishia kazi anayelenga kwa macho. Hapo hapo nakubali sehemu ya hoja yake: matokeo yana neno. Ikidhihirika kwamba adui haoni kwa macho tena, kwamba anaongozwa na mitambo isiyojali taa, basi amri ya giza inapoteza msingi wake. Ikiendelea kutolewa baada ya hapo, inakuwa zoezi la kuwazoesha watu kutii. Deni kwa jirani haliwezi kubebeshwa mzigo wa maonyesho.

Kuna pia pingamizi la damu. Giza lenyewe linaua, nalo huua watu ambao bomu lisingewafikia. Mwaka 1938 ajali za barabarani nchini Uingereza ziliua watu 6,648. Mwaka 1941, petroli ikiwa ya mgawo na magari ya watu binafsi yakiwa yamepungua, ziliua watu 9,169. Wengi walikuwa watembea kwa miguu waliogongwa na madereva wasioona. Tarehe 3 Machi 1943, mashariki mwa London, watu waliokuwa wakiingia stesheni ya Bethnal Green kujikinga walianguka kwenye ngazi zilizokuwa na taa moja hafifu. Wakafa watu 173 kwa kukanyagana na kukosa pumzi, na pale hapakuanguka bomu hata moja. Ripoti ya uchunguzi ilizuiliwa kwa karibu miaka miwili. Hapa kwetu, mwanzoni mwa vita vya Kagera, kikosi cha kutungulia ndege kilichokuwa Musoma kilizitungua ndege tatu za Tanzania zilizokuwa zikielekea Mwanza, kikidhani ni za adui. Mji uliojiandaa kwa shambulio ni mji uliokaza mishipa, na mishipa iliyokazwa huweza kumpiga wa nyumbani.

Sioni kwamba vifo hivyo vinaifuta amri. Vinaipa masharti. Kwa kuwa taa inazimwa kwa ajili ya uhai wa jirani, anayeamuru izimwe ameshika uhai huo kama amana, na anawajibika kwa giza lake kama anavyowajibika kwa taa ya mtu. Sharti la kwanza ni ukweli. Raia aelezwe kwa nini azime, na ajali zinazotokana na giza zihesabiwe na kutangazwa kwa sauti ileile inayotangaza hatari ya adui. Serikali inayoficha maiti za ngazini imekopa imani ya watu bila nia ya kulipa. Sharti la pili ni kubagua mahitaji. Chumba cha upasuaji cha hospitali iliyo juu ya kilima hakiwezi kuzimwa. Kinazibwa, kwa vitambaa vizito na kwa gharama ya umma, kwa sababu aliye mezani tumbo likiwa wazi hana giza la kuwapa wenzake. Mama anayejifungua usiku ni vivyo hivyo. Amri isiyowaona hao imesahau kwamba ilikuja kuwalinda.

Sharti la tatu ni usawa, na hapa ndipo amri nyingi hunuka. Giza haliwagharimu watu sawa. Mwenye umeme na mapazia anaziba dirisha, kisha anakula chakula chake chini ya taa. Hasara yake ni joto. Mwenye nyumba ya udongo na kibatari kimoja, yenye nyufa kila upande, hana cha kuziba; kwake kuzima ni kuzima kweli, na watoto wanalala saa moja. Mvuvi wa dagaa ndiye mwenye hasara kubwa kuliko wote, kwa kuwa usiku wa giza ambao amri inautaka ndio usiku wake wa kazi, na taa inayokatazwa ndiyo jembe lake. Akiambiwa asiingie ziwani na karabai, mji umemdai posho ya wiki nzima ili ulale salama. Ana wajibu wa kutii, sikatai. Lakini mji nao una wajibu wa kumlisha. Na ikiwa mgambo anapita mtaani kugonga milango ya wanyonge huku nyumba ya mkubwa ikimetameta kilimani, basi hoja yangu yote ya deni inageuka dhidi ya mkubwa huyo, maana taa yake ndiyo inayopandishwa nguvu na utii wa mtaa mzima. Asiyelala gizani hana uso wa kumdai mtu giza.

Linabaki swali ambalo Kamanga inaliuliza kwa kuwepo kwake tu ng'ambo ya maji. Mwanza ikijificha, hatari inakwenda wapi? Tuseme mji umezima barabara, na upande wa pili wa ghuba kijiji hakikupata habari, au kimepata lakini kinaona vita si vyao; rubani aliyepotea ataelekea kule kunakowaka. Je, anayejificha amemuuza jirani yake? Katika vita vya pili vya dunia Waingereza walikwenda mbali zaidi ya kujificha. Baada ya Coventry walianza kuwasha mioto ya uongo mashambani ili ndege za Ujerumani ziache miji na kumwaga mabomu huko. Mwaka 1944, makombora ya Ujerumani yakianguka London, majasusi waliowatumikia Waingereza waliwapelekea Wajerumani habari za uongo ili yalengwe pafupi, yaangukie vitongoji vya kusini badala ya katikati ya jiji. Herbert Morrison, waziri wa mambo ya ndani, alilipinga jambo hilo, akiona kwamba hakuna binadamu aliyepewa kuchagua nani afe kwa niaba ya nani.

Naona tofauti kati ya kujificha na kumwelekeza muuaji. Anayezima taa anaondoa kitu chake machoni pa adui. Hamwonyeshi njia ya kwa mwingine. Anayewasha moto shambani kwa watu au kupeleka habari za uongo ameshika usukani wa bomu, na roho itakayopotea ni roho aliyoilenga. La kwanza naliona halali hata kama matokeo yake yatamgusa mwingine. La pili halihalalishwi na wingi wa wanaookolewa, isipokuwa pale moto unapowashwa mahali pasipo mtu. Lakini tofauti hiyo haimwoshi kabisa anayejificha. Akijua kwamba kujificha kwake kunaiacha Kamanga peke yake ikiwaka, ana deni la kuvusha habari kabla ya giza kuingia. Amri ya kuzima taa isiyovuka maji inawalinda wa mjini kwa hasara ya wa kijijini. Na kwa swala wa Saanane, ambao hawakuwa na taa ya kuzima wala sikio la kusikia king'ora, hakuna amri ambayo ingewafikia. Tumezoea kusema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Pale kisiwani methali ilipungukiwa, kwa sababu swala hawakuota pale kama nyasi. Watu ndio waliowaweka kwenye kisiwa kidogo, mkabala na mji wenye maghala ya mafuta. Anayemfunga kiumbe mahali asipoweza kukimbia amejibebesha tahadhari ambazo kiumbe huyo hawezi kujichukulia.

Habari ya Machi 1979 haikuishia kisiwani. Tanzania ilijibu, ndege zake zikapiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo, na siku chache baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikawa mikononi mwa majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana pamoja nayo. Simlinganishi aliyevamia na aliyevamiwa, na ghala la mafuta ya vita ni shabaha ambayo sheria za vita zinaikubali. Lakini Jinja ipo ukingoni mwa ziwa hili hili, pale mto Nile unapotokea, na usiku taa zake nazo hulala juu ya maji. Rubani wetu naye aliona anwani. Mkazi wa Igogo aliyefunika kibatari hakuwa akimlinda ndugu wala rafiki. Alimlinda mtu wa Kirumba asiyemjua jina, dini wala kabila, kwa sababu tu wote wawili walikuwa chini ya anga moja lenye ndege. Wajibu wake haukuuliza jina, ndiyo maana uliweza kuufunika mji mzima. Wajibu usiouliza jina hauwezi kugeuka ghafla ukauliza uraia. Aliyejifunza gizani Mwanza thamani ya taa ya mtu asiyemjua ana neno la kumwambia rubani wa upande wake pia, kabla hajaruka: apige ghala, na kila dirisha lililo jirani ya ghala alihesabu kama lingekuwa Igogo.